Kiini Kikiyeyuka Kwenye Kinu cha Nyutroni za Kasi

Oktoba 1966, waendeshaji wa kinu cha nyuklia cha Fermi 1, kando ya Ziwa Erie nchini Marekani, walikuwa wakipandisha nguvu taratibu vipimo vilipoanza kwenda kombo. Kengele za mionzi zikalia, wakakizima kinu. Ilikuja kubainika kuwa kipande cha bati la zirkoniamu kilibanduka chini ya kiini, yaani sehemu yenye fueli, na kuziba njia ya sodiamu inayopoza fueli, na mafungu mawili ya fueli yakayeyuka kwa sehemu. Hakuna aliyedhurika. Kinachoniuma ni kwamba bati hilo liliongezwa kwa ajili ya usalama, endapo kiini kingeyeyuka.

Kwenye kinu cha kawaida, maji yakipotea mmenyuko wa nyuklia hufifia, maana maji ndiyo yanayopunguza kasi ya nyutroni, chembe zinazopasua atomi za fueli, na kinu hicho hutegemea nyutroni za polepole. Kinu cha nyutroni za kasi, kama Fermi 1, kinachoweza kuzalisha plutoni kutokana na urani huku kikitoa umeme, hakina kinga hiyo. Fueli yake ikiyeyuka na kujikusanya, mmenyuko unaweza kupanda ghafla. Kiini kikiwa kikubwa, hata kuchemka kwa sodiamu, kwenye nyuzi 883 za Selsiasi, huweza kuuongezea nguvu.

Ndiyo maana tathmini ya ajali kubwa huanzia pabaya kabisa: pampu zimesimama, fimbo za kuzimia zimegoma kushuka. Hapo tunauliza fueli iliyoyeyuka itaelekea wapi, na kama chombo kinachobeba kiini kitahimili nishati itakayofumuka. Wajapani na Wakazakhstan walilichunguza hilo kwenye kinu cha majaribio cha IGR, nchini Kazakhstan: waliyeyusha fueli halisi waone kama itapata njia ya kutoka kiinini kabla haijajikusanya.

Majaribio ya namna hiyo nayathamini kuliko hesabu tupu. Tarehe 3 Aprili 1986, huko Idaho, Marekani, pampu za EBR-II, kinu cha majaribio cha nyutroni za kasi, zilizimwa makusudi kinu kikiwa kwenye nguvu kamili, fimbo zikaachwa juu. Joto likapanda, kiini kikatanuka, nyutroni nyingi zikavuja, mmenyuko ukafifia wenyewe. Fueli ilibaki salama.

Lakini EBR-II kilikuwa kinu kidogo chenye fueli ya metali. Fueli ya oksaidi, kama ya vinu vya nyutroni za kasi vya BN-800 cha Urusi au PFBR cha India, huhifadhi joto jingi zaidi ndani yake, kwa hiyo matokeo ya Idaho hayawezi kuhamishiwa huko hivihivi. Chini ya kiini cha PFBR kuna sinia la kupokea fueli iliyoyeyuka. Mwananchi akiambiwa kinu cha aina hii ni salama, na aulize: sinia hilo limepimwa kupokea fueli kiasi gani, na kwa kudhani nini kimeshindwa?