Mwendo wa mchakamchaka unatosha: dhana potofu za anayeanza kukimbia

Wengi wanaoanza kukimbia na kuacha ndani ya mwezi mmoja hawaachi kwa uvivu, kwa ninavyoona mimi. Wanaacha kwa sababu siku ya kwanza waliondoka mbio kama wamefukuzwa na mbwa, siku ya pili miguu ikagoma kushuka ngazi, na kufikia siku ya tano raba zilikuwa zimerudi chini ya kitanda. Nyuma ya hayo yote kuna mambo kadhaa ambayo watu huambizana kijiweni, ofisini na kwenye makundi ya WhatsApp, na mengi si ya kweli.

"Usipohema hadi ukome, hujafanya mazoezi"

Hii ndiyo inayowavunja watu moyo kuliko zote.

Wanariadha wakubwa wa mbio ndefu hufanya sehemu kubwa ya mazoezi yao kwa mwendo mwepesi. Huko Iten, mji wa Kenya ulio karibu mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, kuna siku za kuchapa kasi kwelikweli, lakini kuna nyingi zaidi za kukimbia taratibu huku watu wakipiga soga. Bingwa wa marathoni anaweza kuianza mbio yake nyepesi kwa mwendo ambao hata mimi na wewe tungejikongoja naye kilomita moja. Kisha mtu aliyetoka kununua raba Kariakoo jana anataka kila siku kwake iwe siku ya fainali.

Kipimo cha mwendo mwepesi ni kuongea. Ukiweza kusema sentensi nzima bila kuikata katikati, upo sawa. Kwa Mtanzania aliyesoma shule ya msingi au kupita Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), kipimo hiki si kigeni: ni mchakamchaka. Kiongozi anatoa wimbo, kundi linaitikia, na hakuna anayeweza kuitikia akiwa amekata pumzi. Wimbo wenyewe ndio uliopanga kasi. Basi ukiwa peke yako barabarani, imba ubeti mmoja, hata kwa sauti ya chini kama unaona haya. Ukijikuta unameza nusu ya maneno, punguza mwendo.

Kwa wengi wanaoanza, mwendo huo huangukia dakika 8 au 9 kwa kilomita, na wengine huwa ni taratibu zaidi ya hapo, wamezidi kidogo tu kutembea kwa haraka. Hakuna ubaya. Katika mwendo huo moyo unajifunza kusukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, misuli inaota mishipa midogo ya damu, na mwili unazoea kutumia mafuta kama nishati. La muhimu zaidi, keshokutwa unaweza kurudi tena. Anayejimaliza Jumatatu huuguza mapaja hadi Ijumaa, na wiki yake nzima inakuwa na zoezi moja.

Kichomi nacho, yale maumivu ya chini ya mbavu, huwapata sana walioondoka kwa pupa au waliotoka kunywa chai na chapati mbili. Wanasayansi hawajakubaliana kinasababishwa na nini hasa, lakini ukipunguza mwendo na kuvuta pumzi ndefu kwa kawaida kinaachia.

"Ukitembea katikati, umeshindwa"

Jeff Galloway, Mmarekani aliyekimbia mita 10,000 kwenye Olimpiki ya 1972, alianza kuwafundisha wapya kuchanganya kukimbia na kutembea tangu 1974. Mpango wa Couch to 5K, yaani kutoka kochi hadi kilomita 5, ulioanzishwa 1996 na baadaye kupigiwa debe na huduma ya afya ya taifa ya Uingereza, unaanzia hapo hapo: wiki ya kwanza unakimbia sekunde 60, unatembea sekunde 90, unarudia hivyo kwa dakika 20, siku tatu kwa wiki. Baada ya wiki tisa, mtu ambaye hakuweza kukimbilia daladala anakimbia dakika 30 bila kusimama.

Kwetu sisi tatizo la kutembea si mapafu, ni macho ya watu. Unapita kijiwe cha bodaboda unatembea, mara unasikia: "Anko, umechoka tayari? Kaza!" Kuna watu hupanga dakika zao ili wakifika hapo wawe wanakimbia. Hilo halina madhara. Madhara huja pale wanapoongeza na kasi ili wapigiwe makofi, kwa sababu mita mia mbili mbele hawana kitu tena.

Tembea kabla hujachoka, kwa saa uliyoipanga. Ukisubiri mpaka miguu ikulazimishe, mapumziko hayo hayakusaidii sana.

"Kila wiki lazima nishushe muda"

Kimbia Dar es Salaam mwezi wa pili, kisha kimbia njia ile ile mwezi wa saba, halafu ulinganishe. Mwili unaokimbia unatoa joto jingi, na njia yake kuu ya kupoa ni jasho linalokauka juu ya ngozi. Hewa ya pwani ikiwa imejaa unyevu, jasho linatiririka tu bila kukauka. Moyo unalazimika kupeleka damu nyingi kwenye ngozi na wakati huo huo kuilisha misuli, kwa hiyo unapiga haraka zaidi kwa mwendo ule ule wa juzi. Hujarudi nyuma. Ni hali ya hewa. Mwili huzoea joto ndani ya wiki moja hadi mbili, lakini hata ukizoea, asubuhi ya Februari haitakuwa ya Julai.

Mkazi wa pwani anayepanda kwenda Mbeya au Nairobi hukutana na jambo lingine: hewa ina oksijeni kidogo, na siku za mwanzo atahema kwa mwendo aliouzoea. Aliyetoka kuugua malaria anaweza kuwa na upungufu wa damu kwa muda hata baada ya homa kwisha, na damu ndiyo inayobeba oksijeni. Huyo asijipime na saa kabisa mpaka nguvu zirudi. Aliyefunga Ramadhani, aliyelala kwa saa nne tu, mama anayeamka kunyonyesha usiku, wote wana haki ya kwenda polepole.

Maendeleo ya anayeanza yatafute kwingine kwanza. Kile kilima cha karibu na nyumbani unakipanda bila kusimama. Ukimaliza, pumzi inatulia ndani ya dakika mbili badala ya kumi. Mapigo ya moyo asubuhi kabla hujatoka kitandani yamepungua. Muda nao utashuka, ila uutazame baada ya miezi miwili, si kila Jumapili.

"Pumzi ikitosha, mwili uko tayari"

Pumzi ndiyo inayotangulia kuzoea. Ndani ya wiki chache unaona tofauti, unajiona simba, unaongeza kilomita. Lakini kano na mifupa huimarika kwa miezi. Ndiyo maana matatizo mengi huja wakati mtu anajisikia vizuri kuliko mwanzo: maumivu ya muundi, ule mfupa wa mbele ya mguu, au ya kisigino kila akitia mguu chini asubuhi.

Uchovu wa vigimbi unaoisha kwa siku mbili ni wa kawaida. Maumivu ambayo unaweza kuyaonyesha kwa ncha ya kidole kimoja juu ya mfupa, na yanazidi kila unapokimbia, yanaweza kuwa ufa kwenye mfupa. Acha kukimbia, uende hospitali. Kuchua na kuendelea kutaongeza ufa.

Hapa kuna kanuni maarufu: usiongeze zaidi ya asilimia 10 kwa wiki. Inasikika kama sayansi. Watafiti wa Groningen, Uholanzi, waliipima kwa wakimbiaji wapya 532 na kuchapisha matokeo mwaka 2008. Kundi moja liliongeza taratibu kwa kanuni hiyo kwa wiki 13, lingine lilifuata mpango wa kawaida wa wiki 8. Katika makundi yote mawili, karibu mtu mmoja kati ya watano aliumia. Sisemi kanuni hiyo ni mbaya, ila haikulindi kama hirizi. Mimi ningeshika mawili: siku ya kupumzika kati ya mbio na mbio, na kuongeza kitu kimoja kwa wakati, ama umbali, ama kasi, ama vilima.

"Saa haidanganyi"

Saa nyingi za mkononi za wakimbiaji hukadiria kiwango cha juu cha mapigo ya moyo wako kwa kutoa umri kwenye 220. Hesabu hiyo ilienea kuanzia 1971, na haikutokana na utafiti uliofanywa mahsusi kuitafuta. Mtu wa miaka 35 anaambiwa 185, lakini chake halisi kinaweza kuwa 173 au 197 bila ugonjwa wowote. Ongeza na maghorofa ya Posta, katikati ya Dar es Salaam, yanayoivuruga GPS, ile inayopima umbali wako. Saa ikikuambia umezidisha na wewe unaimba vizuri tu, amini wimbo.

"Anza kwa kasi ujiwekee akiba ya muda"

Mkenya Kelvin Kiptum alipoweka rekodi ya dunia ya marathoni Chicago tarehe 8 Oktoba 2023, kwa muda wa saa 2:00:35, nusu ya kwanza alitumia saa 1:00:48 na ya pili, aliyoikimbia haraka zaidi, dakika 59:47. Mtanzania Alphonce Simbu alichukua ubingwa wa dunia Tokyo mwaka 2025 kwa kumpita Mjerumani Amanal Petros hatua za mwisho kabisa, wote wakiandikiwa 2:09:48.

Mzee wetu Filbert Bayi, mwanariadha wa Tanzania, nakubali, alifanya kinyume. Christchurch, Februari 1974, alikaa mbele mwanzo mwisho akaweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwa 3:32.16. Lakini hiyo ni kazi ya dakika tatu na nusu, iliyofanywa na mtu aliyeiandaa miguu yake kwa miaka.

Kwenye nusu marathoni ya Kilimanjaro pale Moshi, njia inapanda kuelekea Mweka kwanza, ndipo inashuka. Muziki unalia, umati unashangilia, kila mtu anaruka kama swala. Waache wapite. Kasi kubwa inakula akiba ya wanga kwenye misuli haraka, na mlima bado uko mbele.

Ukijiandikisha ile ya kilomita 5, kilomita ya kwanza iwe ya polepole kuliko zote. Ya pili hadi ya nne, kimbia kwa mwendo wa kuweza kusema maneno matatu au manne kwa pumzi moja. Ya tano, toa kilichobaki.