Ishara ya Kipokezi Husafirije Ndani ya Seli T? Maswali na Majibu

Seli T hutambuaje kwamba mwili umevamiwa?

Seli T, ambazo ni aina ya seli nyeupe za damu, zina vipokezi kwenye utando wake vinavyokagua vipande vidogo vya protini vinavyooneshwa na seli nyingine. Kipande cha kirusi kikioana na kipokezi, ishara huanza.

Je, kipokezi chenyewe ndicho kinachoiamsha seli?

Hapana. Sehemu yake iliyo ndani ya seli ni fupi mno na haiwezi kutuma ishara peke yake, hivyo hutegemea protini za CD3 zilizoshikamana nacho, ambazo mikia yake ni mirefu zaidi. Kimeng'enya kiitwacho Lck hubandika fosfeti (vikundi vidogo vya kemikali vyenye fosforasi) kwenye mikia hiyo, na fosfeti hizo ndizo zinazoipa protini ya ZAP-70 mahali pa kujishikiza. ZAP-70 ikishaamshwa, nayo hubandika fosfeti kwenye LAT, protini ya utando ambayo, ingawa si kimeng'enya, huzikusanya protini nyingine mahali pamoja ili zifanye kazi. Matokeo yake ni kupanda kwa kiwango cha kalsiamu ndani ya seli, jambo linaloamsha kimeng'enya kiitwacho kalsinurini. Hapa mwendo hugeuka kwa namna ya kuvutia, kwani kalsinurini haibandiki fosfeti bali huziondoa kwenye protini ya NFAT, ambayo sasa huweza kuingia katika kiini cha seli na kusaidia kuwasha jeni ya intalukini-2, kichocheo cha seli T kuongezeka.

Protini moja ikikosekana, kuna madhara gani?

Ni makubwa. Watoto wanaozaliwa bila ZAP-70 inayofanya kazi hupata upungufu mkali wa kinga: seli T za CD8 (zinazoua seli zilizoambukizwa) karibu hazipo kabisa katika damu, huku zile za CD4 (zinazosaidia seli nyingine za kinga) zikiwepo lakini haziitikii vipokezi vyake. Kwa hiyo kuhesabu seli T peke yake kunaweza kumpotosha daktari, na ni muhimu kupima pia kama zinaitikia. Tiba yake ni kupandikiza seli za uboho.

Je, zipo dawa zinazokatiza ishara hii kwa makusudi?

Zipo. Saiklosporini na takrolimasi huzuia kalsinurini, na ndiyo maana hupewa waliopandikizwa figo ili mwili usiikatae. Kwa kuwa dawa hizo hupunguza pia ulinzi dhidi ya vimelea, anayezitumia akipata homa amwone daktari mapema, wala asiziache kwa uamuzi wake mwenyewe.