Sake haikuzaliwa na kambi

Hapa Goma, vijana walioijua Sake kupitia habari za vita huamini mji huo ulianzishwa na waliokimbia mapigano. Sivyo hata kidogo! Sake, kilomita 25 hivi magharibi mwa Goma, iko katika nchi ya Wahunde, wakulima wa tangu zamani. Volkano ya Nyamulagira ilipolipuka mwaka 1938, lava ilitiririka hadi Ziwa Kivu ikakaribia kuifunga ghuba ya Kabuno, jirani na Sake. Tayari palikuwa na watu wake.

Kilichoikuza ni njia panda: barabara moja inapanda Masisi, nyingine inafuata ziwa kuelekea Minova na Bukavu. Maharage, viazi na jibini la Masisi hupitia hapo kuja kwetu, chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, zikilemewa na magunia. Waliokimbia vita waliwakuta wenyeji wakilima.