Kofia ya distributa na rota: maana yake na namna ya kuzibadilisha penye nafasi finyu

Distributa ni kifaa kinachogawa umeme kwa plagi za injini ya petroli, kila plagi kwa zamu yake. Koili hupokea umeme wa betri wa volti 12 na kuukuza hadi kuzidi volti 20,000. Umeme huo huingia katikati ya kofia ya distributa, yaani kifuniko chake, ambako kipande kidogo cha kaboni kinachosukumwa na springi huupitisha hadi kwenye rota. Rota ni mkono mfupi wa plastiki ngumu wenye bamba la chuma juu yake. Huzunguka ndani ya kofia kwa nusu ya mwendo wa kranki, yaani mhimili mkuu wa injini, na kila inapoifikia nguzo mojawapo ya kofia, yaani ncha ya chuma inayopeleka umeme kwenye waya wa plagi, huikabidhi umeme wa silinda ile.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba ncha ya rota haizigusi nguzo hizo. Kuna mwanya mdogo kati yake, na umeme huuruka kwa cheche. Injini ya silinda 4 ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, cheche za namna hiyo ni 6,000, yaani 100 kila sekunde, na kila moja huunguza chembe ya chuma. Ndiyo maana vipuri hivi viwili huchakaa pamoja ingawa havisuguani, na ndiyo maana sishauri kununua kimoja na kukiacha kingine. Kukwangua nguzo kwa msasa husaidia kwa siku chache tu, kwa sababu chuma kinachoondoka huupanua mwanya uleule ambao umeme unapaswa kuuruka.

Kofia ikipata ufa au unyevu, umeme hutafuta njia ya mkato. Ukiigeuza kofia ya namna hiyo na kuimulika kwa tochi, huenda ukaona mstari mweusi, mwembamba kama wa penseli, ukitoka nguzo moja kwenda nyingine. Huo ni mkaa uliochorwa na umeme wenyewe. Gari lenye kofia hiyo hugoma kuwaka asubuhi ya mvua, au huwaka huku likimisi, kisha likatulia injini ikishapata joto, na mwenyewe akadhani limepona.

Ugumu wa kuzibadilisha hutokana na mahali distributa ilipo. Katika injini nyingi za V8 za Chevrolet za zamani imekaa nyuma kabisa, karibu na ukuta unaotenganisha injini na abiria, hata fundi hulazimika kulalia injini. Katika Toyota Corolla za injini ya 5A-FE, zilizo nyingi katika barabara zetu, distributa iko ubavuni mwa silinda hedi, na mpira mpana wa hewa huuziba mkono. Mpira huo utolewe kwanza; dakika chache za kuufungua zinaokoa saa nzima ya kupapasa.

Kabla ya hapo injini iachwe ipoe na waya hasi wa betri ufunguliwe. Usizichomoe nyaya zote za plagi kwa pamoja. Shikilia kofia mpya kando ya ile ya zamani, zote zikielekea upande mmoja, kisha hamisha waya mmoja mmoja hadi mwisho. Penye giza na nafasi finyu ndipo mpangilio unapopotea kwa urahisi, na injini ambayo silinda zake huwaka kwa mfuatano wa 1-3-4-2 ikibadilishanishiwa nyaya mbili tu inaweza kupiga mlipuko kwenye njia ya hewa au isiwake kabisa. Tandaza kitambaa chini ya distributa, kwa maana skrubu ikidondoka humo ni shida kuipata. Bisibisi fupi yenye sumaku na kioo kidogo ni msaada mkubwa.

Rota nyingi huvutwa tu kwenda juu, lakini nyingine zina skrubu ubavuni, kwa hiyo angalia kabla ya kutumia nguvu. Mpya huingia kwa namna moja tu, na kofia nayo ina pengo lake la kuilenga. Kofia isiyokaa sawasawa itagongwa na rota mara injini inapozunguka, basi izungushe kidogo kwa vidole na uhakikishe haichezi kabla ya kukaza skrubu.

Usiku, injini ikiwa inaunguruma na taa zimezimwa, chungulia nyaya bila kuzigusa. Cheche za buluu zikionekana nje ya kofia, kuna waya ambao haujazama hadi mwisho, au waya wenyewe umechoka.