Kuchora simba na nyati ubaoni kwa mtindo wa Tingatinga: dhana potofu na ukweli

"Simba mwenye hasira lazima angurume."
Simba anayewinda hunyamaza kimya. Kunguruma ni kutangaza himaya na kuitana na wenzake, na midomo yake hapo huchongoka mbele. Meno yote huonekana anapotishia. Kosa linalotuudhi kila tukiliona kwenye michoro ni meno nje huku masikio yamesimama kama ya paka anayesikilizia panya. Sura hiyo simba anayetishia hana. Akitaka kushambulia, masikio hugeuka hadi ule weusi wa nyuma ukaonekana kwa mbele. Akiogopa, huyalaza bapa kichwani. Rekebisha masikio peke yake na mnyama mzima atabadilika tabia.

"Mboni yake ni mchirizi, kama ya paka."
Ni duara. Kwanza paka rangi ya kahawia ya dhahabu, iache ikauke, kisha weka duara jeusi ambalo kope ya juu inalifunika kidogo. Malizia na nukta moja nyeupe kwa ncha ya kijiti cha meno, pembeni mwa mboni, upande uleule mwanga unakotokea kwenye jicho la nyati. Nukta ikikaa katikati kabisa, simba ameduwaa.

"Nyati akikabili adui huinamisha kichwa."
Huinua pua na kumkodolea macho. Kichwa hushuka hatua za mwisho tu, kabla ya kupiga. Ukimwinamisha wakati simba bado yuko mbali, anakula majani.

"Bila damu hakuna vita."
Wasiwasi uko kwenye nafasi iliyobaki kati ya pua ya simba na ya nyati. Iache tupu, usiijaze mibuyu wala ndege. Ubao wa mraba wa sentimita 60, uliozoeleka tangu Edward Saidi Tingatinga, mwanzilishi wa mtindo huu, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, unamtosha mnyama mmoja. Kwa wawili tumia 60 kwa 90.

"Rangi ya mafuta isiponata kidoleni imekauka."
Imekauka juu tu. Mkono wa pili, yaani tabaka la pili la rangi, ukipakwa mapema hulainisha ule wa chini, na rangi yote hukunjamana. Paka nyembamba, subiri siku nzima. Pa kuangalia zaidi ni kivuli chini ya tumbo la nyati, maana hapo ndipo watu hurudia nyeusi mara tatu kwa siku moja.