fetch haisomi folda yako

Wengi wanadhani ukiweka data.json pembeni ya komponenti yako ya React (maktaba ya JavaScript ya kutengeneza kurasa), basi fetch('./data.json'), ile amri ya kuomba data, itaichukua hapohapo. Wapi! Kodi inaendeshwa ndani ya brauza, na brauza haijui kabisa kama una folda inaitwa src, yenyewe inaangalia anwani ya ukurasa uliofunguka halafu inaiomba seva. Sasa cheki kituko, seva ya majaribio isipoiona hiyo faili mara nyingi inakurudishia index.html na namba 200 (yaani "sawa") juu, ndo maana unakutana na kosa la "Unexpected token '<'", hiyo alama ni mwanzo wa HTML jamani, JSON yako mbona nzima! Iweke kwenye folda ya public uiite '/data.json', au kama data haibadiliki fanya import tu (uiingize moja kwa moja kwenye kodi) yaishe.