Je, Wajua Kwa Nini Mashine ya Gravua Hutupa Mamia ya Mita Kabla ya Kutoa Pakiti ya Kwanza Nzuri?

Pakiti ya majani ya chai au ya biskuti inayouzwa katika duka la mtaani Kawempe, Jinja au Mbarara nchini Uganda huweza kuwa na rangi saba au nane, zote zikiwa zimechapwa juu ya filamu ya plastiki yenye unene wa mikromita 20 hivi, yaani sehemu 20 za elfu moja za milimita. Mojawapo ya njia kuu za kuchapa pakiti za namna hiyo ni gravua. Kiwandani kazi kama hiyo hurudi mara kwa mara: mteja yule yule, silinda zile zile, wino ule ule. Hata hivyo, kila inaporudi mafundi huanza kwa kuchapa mamia ya mita ambazo huishia kwenye taka, na mgeni anayetazama hudhani kwamba mashine ni mbovu au kwamba watu hawaijui kazi yao. Sababu ya kweli imo katika namna gravua inavyofanya kazi.

Kiini cha mashine ni silinda ya chuma iliyovikwa tabaka la shaba. Ncha ya almasi, ikiongozwa na kompyuta, huchonga juu ya shaba hiyo maelfu ya vishimo kwa sekunde, kila kimoja kikiwa na kina cha mikromita chache hadi makumi kadhaa, kisha silinda hupakwa kromu nyembamba ili isilike upesi. Mahali penye rangi nzito vishimo ni vikubwa na vya kina. Mahali penye rangi hafifu ni vidogo. Silinda huzunguka ikiwa imezama kidogo katika beseni la wino, na bledi ndefu ya chuma hukwangua wino wote uliobaki juu ya uso wake, kama muuza nafaka sokoni anavyopitisha kijiti juu ya kopo ili kibaki kile tu kilichomo ndani. Rola ya mpira kisha huikandamiza filamu juu ya silinda, na wino hutoka vishimoni na kushika filamu. Kila rangi ina silinda yake, beseni lake, bledi yake na kikaushio chake cha hewa ya moto.

Wazo hili ni la zamani. Mwaka 1783 Thomas Bell alipata hataza nchini Uingereza ya kuchapa vitambaa kwa rola za shaba zilizochongwa, na mwishoni mwa karne ya 19 Karel Klíč, mzaliwa wa Bohemia, akaendeleza njia hiyo ili iweze kuchapa picha akiwa Lancaster, Uingereza.

Jambo la msingi ni kwamba picha imekwisha kuamuliwa kabla mashine haijawashwa. Fundi wa ofseti, yaani uchapaji wa kutumia bamba bapa la chuma, anaweza kuongeza wino upande mmoja wa karatasi na kuupunguza upande mwingine kwa kugeuza vidhibiti. Fundi wa gravua hana uwezo huo, kwa sababu kiasi cha wino kimechongwa ndani ya chuma. Kwa hiyo kuandaa mashine ya gravua kwa kazi ya kawaida si kuitengeneza picha upya. Ni kuirudisha mashine katika hali ile ile iliyokuwapo siku mteja alipokubali sampuli, na hali hiyo ina sehemu nyingi zinazobadilika kila mara.

Wino ndio unaosumbua zaidi. Wino wa gravua ni mwepesi sana, na uzito wake, yaani jinsi unavyotiririka, hupimwa kwa kikombe chenye tundu chini: fundi hukijaza, hukiinua, na kuhesabu sekunde hadi mchirizi ukatike. Kwa filamu, kikombe cha aina hiyo kiitwacho Zahn namba 2 kwa kawaida husoma kati ya sekunde 15 na 20. Wino ukiwa mzito, hukauka ndani ya vishimo vidogo na sehemu hafifu za picha, kama vile ngozi ya uso, hupotea. Thina, kimiminika cha kuufanya wino uwe mwepesi, ikizidi, rangi hupauka na kingo za herufi husambaa. Tatizo ni kwamba usomaji huo hutegemea joto. Wino uliolala ghalani usiku husomeka mzito asubuhi, na fundi mwenye haraka huongeza thina. Saa chache baadaye wino umepata joto la mashine na umekuwa mwepesi kupita kiasi. Ni heri kuuacha uzunguke kwenye pampu kwanza, ndipo upimwe. Thina nayo, ambayo mara nyingi ni ethili asetati au alkoholi, hupotea hewani muda wote wa kazi, kwa hiyo kipimo cha saa mbili asubuhi hakimtoshi mtu hadi saa sita.

Bledi inaonekana ni kitu kidogo, lakini ina madai yake. Unene wake ni kama milimita 0.15 hadi 0.2, na hugusa silinda kwa pembe ya takriban nyuzi 60 huku ikisogezwa kushoto na kulia ili isilike mahali pamoja. Chembe moja ya wino mkavu ikinasa chini yake, mstari mwembamba huchorwa kwenye filamu yote. Fundi asiye mvumilivu huondoa mstari huo kwa kuikaza bledi zaidi. Mstari hutoweka kwa muda, lakini kromu inaliwa, na gharama yake huonekana miezi kadhaa baadaye silinda inapolazimika kutengenezwa upya.

Mpangilio wa rangi pia si wa kubahatisha. Pakiti nyingi huchapwa kinyume upande wa ndani wa filamu angavu, kisha filamu nyingine hubandikwa nyuma, ili wino ulindwe katikati na usiguse biskuti wala vidole. Kwa hiyo nyeupe, ambayo mtu angedhani ni ya kwanza kwa kuwa ni ya chini, huchapwa ya mwisho.

Hapo tunafika kwenye taka. Katika mashine ya rangi nane, filamu hupita kwenye silinda na vikaushio kwa makumi ya mita kabla ya kufika mwisho. Alama ndogo zilizochapwa pembeni huonyesha kama rangi zimekaa mahali pake, na vihisi vya mwanga huzisoma. Fundi akisahihisha rangi ya pili, mvutano wa filamu hubadilika kidogo na rangi zinazofuata husogea nazo. Filamu iliyochapwa kabla ya sahihisho bado imo ndani ya mashine na lazima itoke yote. Zaidi ya hayo, rangi zilizokaa sawa kwa mwendo wa mita 40 kwa dakika hazikai sawa kwa mita 200. Mwendo ukiongezeka, filamu hukaa muda mfupi zaidi ndani ya kikaushio, joto lake hubadilika, na hunyooka kwa kiasi tofauti. Thina nayo hupata muda mfupi wa kutoka, na ikibaki ndani, mlaji atafungua pakiti ya biskuti na kukutana na harufu ya rangi. Ndiyo maana kukubali sampuli iliyochapwa kwa mwendo wa polepole ni kujidanganya. Kazi hukubaliwa ikiwa imefika mwendo wake halisi na imetulia.

Tuseme mteja ameagiza mita 10,000. Kwa mwendo wa mita 200 kwa dakika, uchapaji wenyewe ni dakika 50. Kubadilisha silinda nane, kuosha mabeseni, kuweka bledi na kulinganisha rangi kunaweza kuchukua muda mrefu kuliko huo. Kwa maoni yangu, viwanda vingi hutafuta dawa ya ucheleweshaji huu mahali pasipo: hununua vihisi vipya, ilhali muda unapotea ghalani na kwenye makaratasi. Kadi ya kazi iliyoandikwa vizuri, yenye sekunde za kila wino, joto la kila kikaushio, mvutano wa filamu na shinikizo la rola, humwezesha fundi kuanzia karibu na mwisho badala ya kuanzia sifuri. Silinda za kazi inayofuata zikishasafishwa, zikakaguliwa na kupangwa kwenye toroli kazi ya sasa ikiendelea, mashine husimama kwa muda mfupi tu. Silinda iliyowekwa sakafuni bila kufunikwa na kugongwa na ndoo haiponi kwa kadi yoyote.

Hata filamu ile ile huwa si ile ile. Ili ipokee wino, uso wake hupitishwa kwenye umeme mkali, na kwa kawaida nguvu ya uso huo ya kushika wino, inayopimwa kwa daini, hutakiwa isipungue daini 38 kwa sentimita. Nguvu hiyo hupungua filamu inapokaa ghalani. Kuipima kwa kalamu maalumu ni kazi ya nusu dakika, lakini isipopimwa, roli nzima ya filamu huweza kuchapwa kabla haijagunduliwa kwamba wino wake hubanduka kwa utepe wa gundi unaobandikwa kuujaribu.

Mazingira ya Uganda yana mchango wake. Misimu ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, huleta unyevu mwingi hewani. Thina inapotoweka huupoza wino, maji hunasa juu yake, na baadhi ya rangi hufifia na kuwa kama zenye ukungu. Umeme ukikatika ghafla, silinda husimama na wino huanza kukauka vishimoni, hivyo jambo la kwanza si kutafuta taa bali kuinua bledi na kuosha silinda. Wakati huo wote mapipa ya thina na mashine yenyewe lazima viwe vimeunganishwa na waya wa ardhini, kwa kuwa filamu inayokimbia huzalisha umeme tuli, na cheche moja karibu na mvuke wa thina inatosha kuwasha moto.

Kwa sababu hizo mwenye biashara ndogo anayetaka vifungashio vichache humalizana kirahisi zaidi na wachapaji wa Nasser Road jijini Kampala, ambako bamba la alumini la ofseti huandaliwa haraka na kwa bei nafuu, kisha akabandika lebo ya karatasi juu ya mfuko usiochapwa kitu. Silinda nane za kuchongwa na mamia ya mita za kutupwa huleta maana pale tu kazi inapokuwa ya makumi ya maelfu ya mita, au pale mteja anapojulikana kwamba atarudi na silinda zake zikamsubiri ghalani.